Nyimbo za Krismasi Ninazozipenda, na Mmoja Nisioutaka

Kaskazi imeshika hapa pwani, ngowe na boribo zimejaa sokoni, na mabasi ya Nairobi yanashusha wageni usiku na mchana. Nyimbo za Krismasi nazo zimeshaingia mjini. Utazisikia madukani, kwenye matatu za Mombasa, kwenye hoteli za ufuoni, na jioni makanisani ambako kwaya ziko kwenye mazoezi. Wasikilizaji wangu, kwa vile mimi ndiye ninayewachagulia nyimbo za kipindi hiki cha redio, ni haki yenu kujua nachagua kwa kipimo gani.

Kipimo changu ni kimoja. Krismasi ni habari ya mama mjamzito aliyekuwa safarini, akakosa pa kulala, akajifungua penye mifugo. Wimbo ukimtazama mtu wa namna hiyo uso kwa uso, mimi nautaka, hata ukiwa umetoka mbali namna gani. Wimbo ukimtazama kwa juu, nauweka kando, hata dunia nzima ikiwa inaupenda.

Nianze na ule nisioutaka. Tarehe 25 Novemba 1984 wanamuziki mashuhuri wa Uingereza na Ireland walikusanyika studio moja ya London wakarekodi “Do They Know It's Christmas?”, wimbo uliotungwa na Bob Geldof na Midge Ure. Walijiita Band Aid. Ethiopia ilikuwa na njaa ya kutisha, picha zake zilikuwa zimeonyeshwa kwenye televisheni ya BBC mwezi mmoja kabla, na wimbo ule ukachangisha mamilioni ya pauni. Chakula kilinunuliwa, watu wakala. Hilo silipunguzi hata kidogo. Mwaka huohuo Kenya nayo ilikuwa na ukame. Wazazi wetu wanayakumbuka mahindi ya manjano, na jinsi unga ulivyoanza kupimwa kwa gorogoro. Aliyelala na njaa haulizi sahani imetoka kwa nani.

Lakini msaada ni jambo moja, na maneno ya wimbo ni jambo jingine. Maneno bado yanapigwa kila Desemba, na njaa ile imekwisha miaka mingi. Wimbo unauliza kama watu wa huko wanajua kwamba ni Krismasi. Wanaoulizwa ni Waethiopia! Mfalme Ezana wa Aksum alipokea Ukristo karne ya nne, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa bado haijausikia. Krismasi yao, Genna, huangukia tarehe 7 Januari, na Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, mahujaji hujaa wamejifunga shuka nyeupe, makuhani wakiimba kwa ngoma na vyuma vya kutikisa mkononi. Watu hao ndio waliotungiwa swali lile.

Wimbo unasema pia kwamba Afrika haitaiona theluji Krismasi hiyo, wala mvua hainyeshi, wala mito haitiririki. Msikilizaji wa Malindi, wewe unaujua Sabaki. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto huo unateremka na udongo wote wa njiani mpaka bahari yetu inageuka rangi ya kahawia, na wenye hoteli wanalalamika. Ethiopia yenyewe ndiko Nile ya Buluu inakotoka. Na kuhusu theluji, sisi wa kaunti ya Kilifi tuna la kusema kuliko wengi.

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Waanglikana, alikuwa akikaa Rabai, kwenye kituo alichokianzisha na mwenzake Johann Ludwig Krapf mwaka 1846. Mwaka 1848 aliondoka Rabai kwa miguu na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, wakapita Taita, na tarehe 11 Mei akauona Kilimanjaro na weupe wake kileleni. Waliomwongoza walijua zamani kwamba kule juu kuna baridi kali. Habari ilipofika London, msomi mmoja, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akaandika kwamba haiwezekani, theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Tarehe 3 Desemba 1849, wiki tatu kabla ya Krismasi, Krapf naye akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, na theluji yake juu. Hakuaminiwa. Ubishi uliendelea mpaka miaka ya 1860, Karl Klaus von der Decken alipoupanda Kilimanjaro sehemu kubwa ya njia na kuthibitisha. Basi mtu anapoketi London mwaka 1984 na kuandika vile juu ya bara zima, anarudia kosa ambalo watu walitembea kutoka Rabai kwenda kulisahihisha zaidi ya miaka mia moja kabla yake.

Na mwaka huohuo wa 1848 Injili ya Luka ilichapwa Bombay kwa lugha ya Wamijikenda wa Rabai, tafsiri ya Krapf. Luka ndiyo injili yenye hori, wachungaji na malaika. Habari ya Krismasi ilikuwa kwenye karatasi, kwa lugha ya hapa, kabla ya babu wa Geldof kuzaliwa.

Si mimi peke yangu ninayesema haya. Wimbo uliporekodiwa upya mwaka 2014, mwanamuziki Fuse ODG, mwenye asili ya Ghana, alialikwa akakataa kwa sababu ya maneno yake. Miaka kumi baadaye Ed Sheeran, aliyeimba humo 2014, alisema kama angeulizwa asingekubali sauti yake itumike tena. Wapo wasikilizaji wanaoniambia, huo ni wimbo tu, mbona unaubebea hasira? Naubebea hasira kwa sababu kuna mtoto hapa Kilifi anayeusikia dukani kila mwaka, anaelewa Kiingereza, na anaambiwa kwa sauti tamu kwamba kwao hakuoti kitu. Hapa kwenye kipindi hiki hautapigwa.

Sasa nije kwenye nyimbo ninazozipenda, na hapo nitakaa.

Wa kwanza mnaujua wote, kwa Kiswahili tunauita “Usiku Mtakatifu”. Wengi wanaudhania ni wimbo wa mji mkubwa na kinanda kikubwa. Historia yake ni nyingine kabisa. Maneno yaliandikwa mwaka 1816 na padri kijana wa Austria, Joseph Mohr, akiwa kijijini Mariapfarr. Mohr alizaliwa Salzburg nje ya ndoa. Mama yake alijipatia riziki kwa kufuma, baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshi akawaacha. Na mwaka 1816 wenyewe Ulaya inaukumbuka kama mwaka usiokuwa na kiangazi. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka 1815, vumbi likaziba jua, mazao yakaoza mashambani, watu wakafa njaa. Vita vya Napoleon navyo vilikuwa vimekwisha juzi tu. Katika mwaka kama huo ndipo kijana huyu aliandika juu ya mama na mtoto wanaolala kwa amani. Miaka miwili baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1818, alimpelekea maneno yake mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber, akayatilia sauti, na usiku huo wakaimba wawili kanisani Oberndorf kwa gitaa.

Tazameni tofauti. Huu nao umetoka kwenye njaa, lakini waliokuwa na njaa ndio walioimba. Hawakuuliza kama kuna mtu mahali fulani anajua Krismasi. Walimtazama mtoto.

Na kuna sababu ya kimuziki inayoufanya wimbo huu ukae vizuri pwani. Unakwenda kwa mapigo sita, yale yanayoyumba kama mtu anayebembeleza mtoto. Mapigo ya namna hiyo si mageni kwetu. Chakacha yetu inachezwa juu ya sita hizohizo. Ndiyo maana kwaya ya kijijini ikiuchukua na kuutia kayamba, haulazimishwi, unaitika.

Niseme kidogo juu ya kayamba, maana mtu wa Nairobi huiona kila kanisa akadhani ilizaliwa pamoja na kanisa. Kayamba ni chombo cha Wamijikenda. Ni matete yaliyofungwa sambamba, bapa kama trei, ndani yake mbegu ngumu. Mpigaji anaishika kwa mikono miwili kifuani, anaipeleka kushoto na kulia, mbegu zinamwagika ndani upande hadi upande, na vidole gumba vyake viwili vinagonga kijiti kilichofungwa nyuma. Kwa hiyo anapiga vitu viwili kwa pamoja: mmiminiko na mgongo. Mpigaji hodari husikii akianza wala akigeuza. Zamani kayamba ilikuwa ya ngoma za kutibu pepo, na wamisionari wengi hawakutaka kuiona karibu na madhabahu. Leo ndiyo inayobeba Gloria ya mkesha kutoka Rabai hadi Kisumu. Mimi nashukuru waliong'ang'ana nayo.

Mkesha mmoja, upande wa Ganze, nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Kwaya ilikuwa na sauti zote nne, kinamama wamevaa leso sare, umeme umekatika na taa za chemli zimetundikwa. Wakaimba wimbo wao wa Kigiriama, hawakuutoa kitabuni. Mama mmoja anasimama peke yake mbele, ndiye Maria, anapiga hodi. Kwaya kimya. Anapiga hodi ya pili, kwaya kimya, kayamba tu inatembea polepole. Hodi ya tatu, sauti za kiume zinamjibu kwamba nyumba imejaa. Kanisa zima liliguna. Maana hapa kwetu, mgeni kupiga hodi na kunyimwa karibu, tena mwanamke mwenye mimba, usiku, ni aibu inayofuata mlango huo hata wajukuu. Mahubiri ya baadaye sikuyahitaji. Ndipo kayamba ikabadilika, ngoma ikaingia, na kinamama wakashuka kati kwa mabega kumpokea mtoto.

Wimbo ule sijausikia redioni hata mara moja, na nitalirudia neno hilo kabla sijamaliza.

Jirani yangu, maalim wa madrasa, aliniambia nilipomsimulia: sisi kwenye Surat Maryam yuko chini ya mtende, peke yake, uchungu umembana, na anaambiwa autikise mtende tende zimwangukie. Nami nikawaza, watu wa pwani, tunaoishi chini ya minazi, tumepewa hadithi hii mara mbili. Ni maalim huyohuyo ambaye watoto wake huja kwetu tarehe 25 kula pilau, na wetu huenda kwake Idi.

Wimbo wangu wa pili ni “Mary's Boy Child”. Ninyi mnaujua kwa Boney M., ule wa 1978, ambao bila huo hakuna harusi ya Desemba wala matatu inayotoka stendi ya Malindi. Wengine hunidharau nikisema naupenda, eti ni disko. Nisikilizeni. Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1901, babu na bibi zake walikuwa watumwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya, alitumia maisha yake kukusanya na kupanga nyimbo za watumwa zisipotee. Wimbo huu aliutunga kwa mtindo wa kalipso, muziki wa visiwa vya Karibi, na Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956. Ukauzwa Uingereza zaidi ya nakala milioni moja. Kisha Boney M.: mtayarishaji Frank Farian Mjerumani, lakini Liz Mitchell unayemsikia akiimba alizaliwa Jamaika.

Mjukuu wa watumwa ameandika juu ya mtoto aliyezaliwa pasipo na nafasi kwa wazazi wake. Sasa nataka mtu wa Rabai ausikie wimbo huo akijua hilo. Rabai ilikuwa kimbilio la watoro wa utumwa wa pwani hii. Tarehe 1 Januari 1889, siku saba baada ya Krismasi, mamia yao waligawiwa vyeti vya uhuru pale Rabai baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kuna familia za Rabai na Frere Town, mjini Mombasa, zinazotokana na watu hao. Kwa hiyo mdundo ule unapopigwa kwenye tuktuk kule Mazeras, nasikia ndugu wawili waliotenganishwa na bahari wanaimba habari moja.

Belafonte mwenyewe hakutuona kwa mbali. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha ili ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Tom Mboya ipae kwenda Marekani. Mwaka 1965 yeye na Miriam Makeba walitoa albamu yenye “Malaika” ndani, ule wimbo tuliousikia kwa Fadhili William. Boney M. nao waliurekodi “Malaika” mwaka 1981. Yaani wote wawili waliotuimbia Krismasi, waliimba Kiswahili pia. Mtu anayetaka kukujua hujifunza kukuamkia.

Wa tatu ni wa wageni wetu wa Malindi ambao wamekuwa wenyeji. Waitaliano walianza kuja wengi tangu kituo cha anga cha San Marco kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960. Setilaiti ya kwanza ilirushwa pale mwaka 1967. Leo muuza samaki wa Malindi anakupigia bei kwa Kiitaliano. Na Desemba, ukipita penye nyumba zao, utasikia “Tu scendi dalle stelle”, wimbo wa Alfonso de' Liguori, mtakatifu wa Napoli aliyeacha uwakili akawa padri, alioutunga mwaka 1754. Nao uko kwenye mapigo sita, mwendo wa wachungaji wa milimani na zumari zao za ngozi. Unamwambia mtoto kwamba ameshuka kutoka nyotani akaingia pangoni penye baridi. Mhudumu mmoja wa hoteli, kijana wa Watamu, ameuzoea mpaka anauimba wote kwa moyo akikunja mashuka. Naupenda kwa sababu una huruma na hauna kiburi.

“White Christmas” sitaukataa, ingawa mwaka wa pwani hauna theluji wala hautaki. Irving Berlin aliyeutunga aliletwa Marekani akiwa mtoto, familia yake ya Kiyahudi ikikimbia Urusi, na mwanawe mchanga alimfia siku ya Krismasi mwaka 1928. Bing Crosby aliurekodi 1942, vitani, na askari waliokuwa mbali waliulilia. Ni wimbo wa mtu anayekumbuka nyumbani. Nampigia kila mwaka dada aliye Doha au Riyadh, anayelea watoto wa watu siku ya Krismasi kama siku nyingine ya kazi, na watoto wake mwenyewe wako Kaloleni na bibi yao. Yeye ataota vumbi jekundu na mkwaju, lakini ni ndoto ileile.

“Jingle Bells” ni wa tangu 1857, James Pierpont aliutunga, na hautaji Krismasi popote. Ni wimbo wa kukimbiza farasi kwenye theluji. Watoto waucheze, haudhuru mtu. “Last Christmas” wa Wham! ni wa aliyeachwa na mpenzi. Nina huruma naye, lakini saa nne za mkesha nataka habari ya yule mama.

Sasa nirudi kwa kwaya. Walimu wa kwaya wa kaunti hii, nyimbo zenu za Kigiriama, Kichonyi, Kirabai, Kikauma na Kijibana zinaimbwa mkesha, zinapendwa, halafu zinakufa mwalimu anapohamishwa shule. Zipo kwenye daftari la solfa au kichwani mwa mama mmoja. Duka linapiga Band Aid kwa sababu iko tayari kwenye simu ya mwenye duka. Yenu haiko popote. Simu nyingi za sasa zinarekodi vizuri vya kutosha. Fungeni madirisha ili upepo usiingie, simu muiweke juu ya kiti hatua sita mbele ya sauti ya kwanza, kayamba ikae nyuma kabisa maana inameza maneno, na mtu mmoja ataje mwanzoni jina la mtunzi na kijiji. Mtunzi atajwe, tafadhali. Hiyo ndiyo haki yake ya kwanza. Zileteni hapa studio kabla ya mkesha, na zitakazosikika vizuri nitazipiga usiku wa tarehe 24, moja baada ya nyingine, kwaya ya Ganze ikiwa ya kwanza kama wataniletea ile ya hodi.

Kwa sasa, fundi mitambo, tuwekee Belafonte wa 1956, halafu Boney M., na anayetaka kucheza acheze.